Je, wajua kwa nini ukuta wa pwani hupambwa kwa kivuli?

Samaki yule alinivutia tangu dukani. Alikuwa wa chuma, mkia umepinda kama anayegeuka ndani ya maji, magamba yamegongwa moja moja kwa nyundo. Nikamleta nyumbani Tudor, hapa Mombasa, nikamtundika sebuleni, ukuta unaotazamana na dirisha. Haikutimia miezi minane akaanza kulia. Michirizi miwili ya kahawia ilimshuka kutoka jichoni hadi karibu na kochi. Nikafuta, nikapaka rangi, ikarudi.

Siku moja akaja mzee mmoja wa Kibokoni, Mji wa Kale, fundi wa kuchonga milango, kunitengezea dirisha. Akamtazama yule samaki, akacheka kwa pua. "Mwanangu, watundika chuma kitupu mbele ya bahari, wataraji nini? Na huyo samaki mwenyewe, mbona hana kivuli?"

La kutu nililielewa papo hapo. La kivuli nilikaa nalo siku nyingi.

Tuanze na kutu. Mawimbi yakipasuka mwambani hurusha matone madogo mno yasiyoonekana. Maji yakikauka, chembe za chumvi hubaki hewani na upepo huzisambaza hadi ndani ya nyumba. Chumvi ina tabia ya kunyonya unyevu: hewa ikifikia unyevu wa asilimia 75 hivi, chembe ya chumvi ya kawaida huyeyuka yenyewe bila tone la mvua kuanguka. Kwetu Mombasa kiwango hicho si ajabu, hasa usiku na alfajiri. Kwa hiyo chuma kilichotundikwa ukutani hulala usiku kucha kimefunikwa na utando wa maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Kutu ni kazi ya umeme huo mdogo, unaohamisha chembe za chuma kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Rangi huchelewesha tu. Ikipata mkwaruzo mmoja, chumvi imeshapata mlango.

Ndiyo maana fundi mjuzi akikuuzia pambo la stenlesi, muulize ni la aina gani. Aina iitwayo 304 hupata madoa ya kahawia karibu na bahari. Aina ya 316 huongezwa madini ya molibdenamu, kati ya asilimia 2 na 3, nayo hustahimili chumvi vizuri zaidi. Shaba haina shida: hugeuka rangi, ikajivika ngozi ya kijani inayoilinda, na wengine twaipenda zaidi ikiwa hivyo. Mbao, udongo na chokaa havina kutu hata kidogo.

Picha za karatasi nazo zina msiba wao. Karatasi hunywa unyevu ikavimba, ikajikunja ndani ya fremu, na nyuma yake, pale palipogusana na ukuta, koga linaota bila mtu kujua. Nimeona picha za harusi zimeliwa na madoadoa kama chui. Kioo hakisaidii, huufungia unyevu ndani.

Sasa turudi kwa wazee, maana wao walilimaliza tatizo hili kwa namna ya ajabu: badala ya kutundika pambo ukutani, waliuchonga ukuta wenyewe.

Ukienda Lamu, katika nyumba za mawe za karne ya 18, utakuta chumba cha ndani kabisa kina ukuta mmoja uliojaa zidaka, yaani vijishimo vya mraba na vya upinde vilivyopangwa safu juu ya safu, kila kimoja kimezungushiwa nakshi. Mombasa yetu zimebaki chache, kwa sababu nyumba nyingi za Mji wa Kale tunazoziona leo ni za baadaye, zenye roshani za mbao na mkono wa mafundi wa Kihindi ndani yake. Hata kule magofu ya Gede, mji uliohamwa katika karne ya 17, kuna vijishimo ukutani vya kuwekea taa.

Kwa nini wachimbe? Sababu ya kwanza ni mali yenyewe ya kujengea. Ukuta wa zamani ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilitoka kwenye matumbawe hayohayo. Huchomwa moto wa kiasi cha nyuzi 900 za selsiasi, hewa ya kaboni ikatoka, ikabaki chokaa hai. Ukiimwagia maji inachemka yenyewe, inapasuka, inakuwa laini kama samli. Ikipakwa ukutani huanza kuvuta tena ile hewa ya kaboni na polepole hurudi kuwa jiwe. Neno ni hilo, polepole. Saruji haisubiri mtu, chokaa humpa fundi nafasi ya kuikata na kuichonga ingali mbichi. Na ikishakauka bado inapumua: unyevu huingia na kutoka, hauvimbi nyuma ya rangi ukaiangusha kama maganda ya kitunguu.

Sababu ya pili ni ufinyu. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa, mita 2.5 hadi 3 hivi. Chumba basi huwa kirefu na chembamba kama ushoroba. Ukitoboa ukuta kwa safu za zidaka, jicho haligongi tena mahali pamoja, linaingia. Chumba kinapata kina ambacho boriti zilikinyima.

Ndani ya zidaka ziliwekwa sahani na mabakuli ya kaure kutoka China, misahafu, taa. Wapo watafiti wanaosema vyombo vile havikuwa vya fahari peke yake, bali vilikuwa kinga: chumba cha ndani ni cha mzazi na mwanawe mchanga, na jicho baya likiingia lilitarajiwa kuipiga kaure kabla halijampiga mtu. Huenda. Mimi naona mambo yote mawili yanaweza kukaa kidaka kimoja. Kaure hizohizo zilipachikwa hata kwenye makaburi ya nguzo, kama lile la Mambrui karibu na Malindi, na huko hakuna mgeni wa kumringia.

Lakini sababu iliyonirudisha kwa samaki wangu ni ya tatu: mwanga. Chumba cha ndani kilikuwa mbali na ua, na jua lilikifikia limeshachoka. Katika giza lile picha ya rangi isingeonekana. Kilichoonekana ni ukingo. Chokaa nyeupe hudaka mwanga kidogo uliopo, na kila kijishimo kikatoa kivuli chake, kimoja kizito, kingine chepesi. Fundi hakuwa akichonga chokaa. Alikuwa akichonga kivuli.

Hesabu yake si ngumu. Chukua kitu kilichotokeza ukutani kwa sentimita 2. Mwanga ukikijia uso kwa uso, kivuli chake hujificha nyuma yake, hukioni. Mwanga ukija kwa nyuzi 45, kivuli kina sentimita 2. Ukija kwa ubavu, unaparaza ukuta kwa nyuzi 10 tu, kivuli kinafika sentimita 11 na zaidi. Kitu ni kilekile, hakikuongezwa hata unene wa kucha. Ndiyo siri ya milango yetu ya nakshi: imechongwa kina kidogo tu, lakini pita Ndia Kuu, ile barabara ya Mji wa Kale, wakati jua limelalia ubavu wa nyumba utaona minyororo na maua vimesimama kama vitatoka.

Samaki wangu alikuwa ametazamana na dirisha. Mwanga ulimpiga usoni mchana kutwa, na mimi nilikuwa nimempigilia akalala bapa ukutani. Kivuli angekitoa wapi?

Kwa hiyo ukitaka pambo la kuchongwa nyumbani, uliza kwanza mwanga unaingia wapi, kisha ndipo uulize bei. Ukuta ulio ubavuni mwa dirisha ndio ukuta wa nakshi. Na Mombasa ina jambo la ziada. Tuko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, basi jua hupita pande zote mbili za paa: wakati wa kusi, mwezi wa sita, huchwea upande wa kaskazini ya magharibi, na wakati wa kaskazi, mwezi wa kumi na mbili, huchwea kusini ya magharibi. Chumba chenye dirisha la magharibi kitapata jua la jioni kwenye ukuta mmoja nusu ya mwaka, na kwenye ukuta wa pili nusu iliyobaki. Watu wanahamisha makochi, kwa nini wasihamishe mapambo? Usiku fanya hivyohivyo kwa taa: balbu ikae juu, karibu na ukuta, imwage mwanga kwenda chini. Ile ya katikati ya dari huua kila kitu.

Kuhusu kitu chenyewe cha kutundika, nitasema wazi. Zile nanga za plastiki, usukani wa meli wenye saa katikati na vibao vya mbao vyenye maneno ya ufukweni sivitaki. Vyapendeza kwa mtu aliye mbali na bahari. Kumtundikia mtu wa Mombasa ni kumpelekea mvuvi picha ya samaki.

Makombe na matumbawe ni habari nyingine, na hapa tusimame kidogo. Ndani ya hifadhi za taifa za bahari, pamoja na ile ya Mombasa iliyoanzishwa mwaka 1986, hairuhusiwi kuondoa chochote, kiwe hai au ganda tupu. Matumbawe na makombe makubwa ya jamii ya tridakna yamo pia kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, huwezi kuyasafirisha hivihivi. Lakini hata sheria ikiwekwa kando, kombe lile zito jekundu, ambalo Waitaliano huchonga sura za watu juu yake, ni la konokono anayekula urumba, wale viumbe wa baharini wenye miiba. Akitolewa, tena samaki wanaokula urumba nao wakivuliwa wakaisha, urumba huzaana wakaguguna mwamba. Na lile ganda tupu ulilookota mchangani huenda lilikuwa nyumba aliyokuwa akiitafuta kaa mdogo asiye na gamba la kwake. Ukipenda umbo la kombe, mpe mchongaji wa mbao au mfinyanzi aliige.

Badala yake tazama vitu ambavyo pwani yenyewe imevichonga kwa kazi. Mbao za jahazi zilizovunjwa, kwa mfano. Mbambakofi au msaji uliokaa baharini miaka umeshajikunja vya kutosha, hautajikunja tena sebuleni kwako. Utaona matundu ya misumari yamezungukwa na weusi, maana chuma kilichokutana na maji ya mti hutoa rangi kama wino. Utaona nyuzi za pamba za kalafati, zilizozuia maji kuingia, bado zimo kwenye nyufa. Na siku ya joto utasikia harufu ya sifa, mafuta ya papa waliyokuwa wakipaka. Wageni wako watauliza kuna nini. Waambie ni jahazi.

Lipo jito la jahazi, yaani jicho lake, duara la mbao lenye mwezi na nyota linalopigwa ubavuni mwa omo, mbele ya chombo, ili chombo kione kiendako. Siku hizi huchongwa kwa ajili ya kuta pia. Halina kina kirefu, kwa hiyo lataka mwanga wa ubavu hasa.

Na vipo vya jikoni, ambavyo hatuvithamini kwa sababu bibi zetu walikuwa navyo. Kawa la kufunikia chakula, lililosukwa kwa ukili wa rangi, lililochongoka kama paa la msonge, ni umbo tayari. Uteo, ule ungo wa kupepetea, ni duara tayari. Tundika vitano vya ukubwa mbalimbali, viguse kidogo kwa kidogo. Hakuna duka lenye kitu bora kwa bei hiyo.

La mwisho ni kutundika. Nyumba nyingi za Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa ardhini, na jiwe hilo lina matundu. Ukipiga msumari kwa nyundo linavunjika, unabaki na shimo la ngumi. Toboa kwa dirili bila kuwasha ile ya kugonga, tia plagi ndefu ya plastiki, kisha skrubu isiyoshika kutu. Baina ya pambo na ukuta weka vipande vidogo vya mbao, sentimita 2 au 3. Hewa itapita, koga halitaota, na kivuli kitapata mahali pa kuangukia. Ubaya wake ni mmoja: mjusi kafiri atahamia nyuma yake siku hiyohiyo.

Samaki nilimshusha. Mahali pake sikuweka kitu. Nilivuka Likoni, nikaenda Mtongwe, nikanunua dema kuukuu, mtego wa samaki, kwa mvuvi aliyenishangaa, lile la kusukwa kwa fito, lenye macho ya pembe sita. Nikalitundika ukuta wa ubavuni, mbali kidogo na chokaa. Saa kumi na nusu jua linaingia, na macho yale yanaanza kurefuka ukutani, yanavuka swichi ya taa, yanaufikia mlango. Mjusi hukaa katikati ya wavu ule wa kivuli akingoja mbu. Yule mzee wa Kibokoni alipokuja kumalizia dirisha lake, alilitazama muda, akavuta kiti.

"Saa ngapi laanza?" akauliza.