Santuri nne, moja tu sokoni: saksafoni ya Tina Brooks

Wanaofika kwenye chumba chetu cha kusikilizia kuuliza habari za jazi ya zamani huomba wapulizaji saksafoni mashuhuri, John Coltrane au Sonny Rollins. Nawawekea, wanastahili. Ila kabla hawajaondoka huwa nawasihi wakae kidogo wamsikie Tina Brooks.

Jina lake halisi ni Harold Brooks. Alizaliwa Fayetteville, North Carolina, mwaka 1932, na "Tina" ni jina la utani la utotoni lililomganda kwa sababu ya udogo wa umbo lake. Alipuliza saksafoni aina ya "tena" (tenor), ile kubwa na yenye sauti nzito kuliko alto. Kati ya Machi 1958 na Machi 1961 alirekodi santuri nne kama kiongozi kwa kampuni ya Blue Note, zote mikononi mwa fundi mitambo Rudy Van Gelder, huko New Jersey. Katika uhai wake ilitoka moja tu, True Blue. Blue Note ilikuwa ikirekodi kazi nyingi kuliko ilizotoa, na kanda zikalala stoo. Mojawapo, Back to the Tracks, ilikuwa imeshapewa hadi namba ya toleo, na bado haikutoka. Linaniuma hilo kila nikiishika.

Anayetaka kumwelewa asikilize wiki moja tu ya Juni 1960. Tarehe 19 alimsindikiza kijana wa miaka 22, mpiga tarumbeta Freddie Hubbard, katika santuri ya kwanza ya Hubbard, Open Sesame. Wimbo uliobeba jina la santuri ni utunzi wa Brooks, na Gypsy Blue pia. Siku sita baadaye wakarudi studio, safari hii Brooks ndiye kiongozi, wakarekodi True Blue. Nyimbo sita, tano kazitunga mwenyewe.

Sikiliza Good Old Soul inayoifungua. Hubbard anang'aa, sauti yake imejaa ujana. Brooks hashindani naye. Sauti yake ni nyembamba kidogo, ina huzuni ya bluzi ndani yake, na sentensi zake ni ndefu: unadhani amefika mwisho, kumbe anavuta pumzi aendelee na wazo lilelile. Kwangu huo ni utunzi unaofanyika papo hapo, na wapulizaji wengi wenye majina makubwa hawakuufikia.

Baada ya 1961 hakurekodi tena. Heroini ilimmaliza taratibu, akafariki Agosti 1974 kwa maradhi ya ini, akiwa na miaka 42. Santuri yake nyingine, Minor Move, ilitoka Japani mwaka 1980, na 1985 kampuni ya Mosaic ikakusanya zote nne pamoja.

Siku hizi zinapatikana kwenye simu. Anza na True Blue, kisha Back to the Tracks, halafu The Waiting Game. Minor Move iache mwisho, ingawa ndiyo aliyotangulia kuirekodi: ana miaka 25, kwenye tarumbeta yupo Lee Morgan, na nyuma yake Art Blakey anazicharaza drams.