Mgao wa kaunti: yasemwayo barazani Lamu na yaliyomo kwenye Katiba

Kila magavana wa Kenya wakilalamika kwamba mgao wa kaunti, yaani fungu la kodi ya taifa linalopelekwa kwenye kaunti, umepunguzwa, baraza zetu za Lamu hugawanyika. Wengine huwaunga mkono, wengine huguna. Nimewasikiliza wote, na mengi yasemwayo hayana msingi. Nayajibu kwa sababu mgao ukipungua, anayeumia kwanza ni mjamzito wa Kizingitini anayepakiwa botini usiku kutafuta hospitali.

"Pesa za kaunti ni hisani ya serikali kuu."

Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana hata wazee wenye busara hulisema. Katiba ya 2010, kifungu cha 202, inaagiza mapato yanayokusanywa nchi nzima yagawanywe kwa haki kati ya serikali ya taifa na serikali za kaunti. Kodi hiyo imelipwa na mwenye duka wa Langoni na mvuvi anayenunua petroli ya mashine yake. Gavana akiidai, anadai kilicho chetu.

"Katiba imesema asilimia 15, nao wanapata zaidi. Wanalia nini?"

Kifungu cha 203 kinasema *isipungue* asilimia 15. Tena asilimia hiyo haipigwi kwenye makusanyo ya mwaka huu, bali kwenye hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Hesabu zikichelewa kuidhinishwa, kipimo ni cha miaka iliyopita, na dawa zanunuliwa kwa bei ya leo.

"Kupiga kelele hakubadilishi kitu."

Tazama mwaka 2024. Sheria ilikuwa imeshazitengea kaunti shilingi bilioni 400.1. Mwezi Juni, baada ya maandamano ya vijana, Mswada wa Fedha uliokusudia kuongeza kodi uliondolewa, serikali ikatafuta pa kupunguzia, na Bunge la Taifa likataka kaunti zishushwe hadi bilioni 380. Magavana walipinga, Seneti, bunge linalowakilisha kaunti, ikakataa, mvutano ukaendelea kwa miezi. Kamati ya upatanishi ya mabunge mawili ikamalizia kwenye bilioni 387.4. Kaunti hazikupata zote, lakini zaidi ya bilioni saba ziliokolewa kwa ubishi huo.

"Gavana anatetea tumbo lake."

Soma Jedwali la Nne la Katiba: zahanati na hospitali za kaunti, ambulensi, chekechea, barabara za kaunti, maji, kilimo. Mshahara wa muuguzi wa Faza umo humo. Penye ubadhirifu, na upo, Mkaguzi Mkuu huandika, na mhusika ashtakiwe. Ila mgao ukipunguzwa mwizi hafungwi; anayekosa ni mgonjwa.

"Lamu ina bandari mpya na watalii, ijitegemee."

Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021, na wengi wakadhani fedha zake zitaingia kaunti. Ushuru wa forodha, kodi ya mapato na kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ikiwemo ile anayolipa mtalii hotelini Shela, ni vya serikali ya taifa kwa kifungu cha 209. Kaunti imebakiziwa kodi za majumba na viwanja, za burudani, na ada za leseni na huduma. Nasi tu wachache: sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920, idadi ndogo kuliko kaunti zote 47. Kwa ada za watu hao pekee, huwezi kuendesha hospitali na boti za wagonjwa katika visiwa vilivyotawanyika hadi Kiwayu.

"Hazijakatwa, zimechelewa tu."

Kifungu cha 219 kinataka fedha zifike bila kuchelewa pasipo sababu na bila kukatwa. Zikikawia miezi, mshahara haulipwi, deni la dawa linapanda, muuguzi anagoma. Kwa aliyefika zahanati akakuta kufuli, tofauti ya kukatwa na kuchelewa iko wapi?

"Bajeti ni mambo ya wakubwa."

Sheria yataka wananchi washirikishwe, na makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Tangazo la kikao likibandikwa, nenda na jambo moja mahususi: zahanati ya kijiji chenu imekosa dawa gani, tangu lini. Liseme, na uhakikishe limeandikwa.