Pingi haishuki kwa kununua kifurushi kikubwa

Wateja wangu wengi wa intaneti hapa Malindi ni nyumba za wageni na maduka, lakini simu za usiku ni za vijana wa gemu. Malalamiko ni yale yale: "Ami, nimepandisha kifurushi, mbona bado inakwama?"

Jibu langu huwaudhi. Kifurushi hakihusiki. Gemu ya mtandaoni hutumia data kidogo mno, haifiki hata robo ya video unayotazama huku umelala. Kinachokuumiza ni muda: milisekunde ambazo kitendo chako kinachukua kufika kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha gemu, na jibu kurudi. Hiyo ndiyo pingi. Unapofyatua risasi, si simu yako inayoamua kama umempata adui, ni seva. Mpaka taarifa yako ifike huko, mwenzako anayeishi karibu nayo keshajificha.

Mwanga ndani ya faiba, ule uzi wa kioo unaobeba intaneti, hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hesabu ya haraka, kila kilomita 100 za kebo ni milisekunde 1, kwenda na kurudi. Mombasa hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,800 kwa ndege, kwa hiyo hata kebo ingenyooka kama rula, pingi isingeshuka chini ya 28. Dubai ingekuwa 37 hivi, Frankfurt 67. Ongeza hela utakavyo, faiba haikimbii zaidi ya hapo.

Na kebo hainyooki. Kebo ya baharini ya EASSy, iliyoanza kazi 2010, inafuata pwani mpaka Mtunzini, Afrika Kusini. TEAMS ya 2009 inatoka Mombasa hadi Fujairah, Falme za Kiarabu. Zote zinatua Mombasa, kilomita 120 hivi kutoka hapa, na ungedhani sisi wa pwani tumebahatika. Wapi! Mitambo mikuu ya kampuni nyingi za intaneti iko Nairobi. Pakiti, yaani kipande cha data, ya kijana wa mtaa wa Barani hapa Malindi mara nyingi huipita Mombasa, ikapanda Nairobi, halafu ikateremka tena Mombasa ndipo iingie baharini. Mzunguko huo peke yake unakula milisekunde 10 hivi, na bado hujatoka Kenya.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako, fungua Command Prompt kwenye kompyuta ya Windows, andika tracert ukifuatisha na anwani ya seva. Kila mstari utakaotokea ni rauta moja njiani, yaani mtambo unaopitisha data, pamoja na milisekunde zake, na mafundi wengi huzipa rauta majina yenye herufi za viwanja vya ndege: nbo ni Nairobi, jnb Johannesburg, mrs Marseille. Juzi nilikaa na kijana mmoja aliyechagua seva za Mashariki ya Kati, maana kwenye ramani Dubai iko karibu kuliko Ulaya. Mistari ya mwanzo ilikuwa safi. Baada ya nbo, ghafla ikaja mrs, na namba ikaruka kupita 100. Pakiti imefika Ufaransa! Kutoka hapo ikageuza kurudi Ghuba, na mwisho wa safari pingi ilizidi 200. Kampuni inayomuuzia intaneti na ile inayohifadhi seva zilikuwa zinakutana Ulaya, basi lazima pakiti ipite huko. Nikamwambia ahamie seva za Ulaya zenyewe. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, lakini pingi ikashuka.

Kwa hiyo pima, usitazame ramani. Kwa wengi hapa, Afrika Kusini ndiyo hutoa namba nzuri, hasa tangu Microsoft ilipofungua vituo vyake vya data huko 2019 na Amazon ikafuata Cape Town 2020, maana gemu nyingi hukodi seva kwenye vituo kama hivyo. Tabu yake ni usiku wa manane: wachezaji wakipungua, gemu inakutupa Ulaya bila kukuuliza. Hii pia ndiyo sababu mojawapo ya gemu kubwa kusita kuweka seva Nairobi. Ukiwagawa wachezaji wachache katika seva nyingi, kila mmoja anangoja mechi mpaka achoke. Nawaelewa, ingawa inaniuma.

Njia ya kusini nayo si ya kuaminika siku zote. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilikatika siku moja na Afrika Mashariki nzima ikayumba. Siku kama hiyo hata uniite mara kumi, sina la kukufanyia.

Nyumbani kwako kuna machache ya kurekebisha. Vuta waya kutoka kwenye rauta hadi kwenye mashine. Wenye nyumba za kale Lamu hili linawahusu zaidi, zile kuta nene za mawe ya matumbawe zinaimeza waifai. Zuia simu za nyumba nzima zisipandishe picha wakati wa mechi.

Na zile VPN za gemu, programu zinazopitisha data yako njia nyingine, zinazotangazwa kila mahali? Nyingi zinakuongezea kituo kingine njiani. Zinasaidia pale tu njia yako ya kawaida inapozunguka, kama ile ya Marseille, nayo VPN ikawa na njia fupi zaidi. Ijaribu kwa siku za bure, saa tatu usiku wakati mtaa mzima uko mtandaoni, huku tracert ikiwa wazi pembeni. Mrs ikibaki palepale, ifute.