Kwa nini radi huunguza redio ya upepo wakati mlingoti una ethi?

Mvua za Mtwara na Lindi zikishaanza, Novemba au Desemba, mafundi wa redio za upepo huletewa mzigo uleule: redio imeungua, na mwenyewe anaapa kwamba mlingoti wa antena una ethi, yaani waya na rodi ya kupeleka umeme ardhini. Ni kweli unayo. Tatizo kwa kawaida ni kwamba ethi ziko mbili.

Mlingoti una rodi yake ya shaba uani. Nyumba nayo ina ethi yake karibu na mita ya umeme. Radi ya kawaida hubeba takriban ampea 30,000. Rodi ya mlingoti ikiwa na ukinzani wa omu 20 tu, papo hapo inapanda hadi volti 600,000, wakati ethi ya nyumba iko chini kabisa. Umeme unatafuta pa kupita kati ya hizo mbili, na njia iliyo wazi ni kebo ya antena, kupitia ndani ya redio, kutokea kwenye waya wa umeme. Radi haihitaji hata kupiga mlingoti. Mnazi wa jirani unatosha.

Dawa yake ni kuziunganisha rodi zote kwa waya mnene wa shaba uliofukiwa, na kizuia radi cha kebo kufungwa hapohapo kebo inapoingia ndani, kwenye ethi hiyohiyo. Vyote vikipanda volti pamoja, redio haina cha kupitisha. Waya uwe mfupi na ulionyooka, usiviringishwe: mkondo wa radi hupanda ndani ya sehemu chache tu za milioni za sekunde moja, kwa hiyo kila mita ya waya, hata uwe mnene vipi, yaweza kubakiza volti 10,000 na zaidi.

Ardhi yetu nayo ni mtihani. Pwani, kama Mikindani, rodi hugonga mwamba wa matumbawe mapema. Newala na Tandahimba ni mchanga unaokauka. Wengi humwaga chumvi. Inasaidia kwa muda, kisha mvua huiosha, na kabla ya hapo imeshaanza kula chuma na viungio. Mimi ningechimba mtaro na kulaza waya mtupu wa shaba, au kupigilia rodi kadhaa, umbali kati yake usipungue urefu wa rodi moja.

Na wingu likionekana kwa mbali, chomoa antena na waya wa umeme, vyote viwili. Ngurumo ikishakaribia, usiiguse kebo.