Farasi hukwama hata ubao usipokuwa na mwisho

Tena jamani, kuhusu farasi wa sataranji, yule arukaye miraba miwili mbele na mmoja kando, nasikia: "Ubao hauna mwisho, basi farasi naye ataruka milele." Hapana. Ubao hauhitaji kuisha ndipo farasi akwame. Inatosha miraba minane anayoweza kuifikia iwe imeshakanyagwa, na haizidi minane kamwe, ubao uwe wa miraba 64 au usiwe na ukingo kabisa.

Kanuni ni hii: miraba yote ina nambari, 1 katikati, 2 kuliani kwake, 3 juu ya 2, nambari zinajizungusha kwenda nje kama gamba la konokono. Farasi huanzia 1, na kila mara huruka kwenye nambari ndogo kuliko zote kati ya zile asizozikanyaga. Tunapata 1, 10, 3, 6, 9, 4, 7, 2, 5, 8, 11, 14, 29, 32... Kumi za kwanza ni 1 hadi 10 kamili! Msidanganyike, unadhifu huo haufiki mbali: baada ya 11 anaiacha 12.

Kaburi lake ni 2084: kutoka 1, miraba 10 kulia, 23 juu. Milango yake, yaani miraba minane ya kurukia kutoka hapo, ni 1733, 1735, 1903, 1907, 2269, 2273, 2465 na 2467. Yote imekanyagwa. Tazameni 2465 na 2467. Ziko duru mbili nje ya 2084, na farasi alishapita huko kabla. Watu hudhani anajaza ndani kwanza, kisha ndiyo anatoka. Sivyo. Husukumwa nje huku nyuma yake kumebaki matundu. Baadaye tundu moja linakuwa umbali wa mruko mmoja, nambari yake ndiyo ndogo, na kanuni inamlazimisha aingie. Kama kuna njia ya kutokea, hilo halimhusu. Haangalii mbele hata mruko mmoja.

2084 ni nambari ya 2016 katika mfuatano (A316667 kwenye OEIS, orodha ya mtandaoni ya mifuatano ya nambari), yaani miruko 2015. Mnaoandika "miruko 2016" mmehesabu hata kusimama kwake pale 1 kabla ya kuruka.

Mkimwigiza kwenye programu ya kompyuta: mkiipa miraba nambari kuanzia 0, njia ni ileile, inaishia 2083. Kuzungusha konokono upande wa pili hakubadilishi kitu. Mkitumia jedwali lenye kikomo, msitangaze amekwama kabla ya kuhakikisha milango yote minane imo ndani ya jedwali. La sivyo mmemkwamisha nyinyi. Witiri na shufwa lazima zipokezane. Witiri mbili zikifuatana, kosa liko kwenye majiranukta, yaani nambari za mahali pa mraba, kulia-kushoto na juu-chini.

Mfalme, malkia na ngome kwenye ubao huohuo huhesabu tu 1, 2, 3, 4 bila kukwama, maana nambari inayofuata iko ubavuni daima. Ubao ni mmoja, kete ndizo tofauti.

Kwa nini 2016, si 300 wala milioni? Hapo sina hoja fupi. Ninachoweza ni kumwacha aruke mpaka asimame.