Usaili na mhitimu wa chuo cha Marekani: mwombaji ajue nini

Baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani, kama Harvard, Princeton na MIT, humkutanisha mwombaji na mhitimu wao anayejitolea bila malipo. Ukishatuma maombi, mhitimu ndiye anayekutafuta, mara nyingi kwa barua pepe. Wengi huteleza hapa: barua ya mtu wasiyemjua huangukia kwenye barua taka. Zikague kila siku, ujibu ndani ya siku mbili. Usipotafutwa, usihuzunike. Wahitimu hawatoshi kila mahali, na kukosa usaili hakukupunguzii chochote.

Kuweni makini sana na saa. Mhitimu aliyeko Boston, Marekani, akipanga saa 6 mchana ya kwake mwishoni mwa Oktoba, Nairobi na Dar es Salaam itakuwa saa 1 usiku. Katikati ya Novemba mchana huohuo ni saa 2 usiku, kwani Wamarekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Na akiandika 7:00 p.m., hiyo kwa saa za Kiswahili ni saa 1 usiku, si saa 7.

Mazungumzo huchukua dakika 30 hadi 60, ana kwa ana au kwa video. Kwa kawaida mhitimu hajaona alama zako wala insha zako, kwa hiyo usidhani anakufahamu. Yeye haamui; huandika ripoti, nayo ofisi ya udahili huisoma pamoja na faili lako lote. Ripoti inahitaji mambo ya kushikika. Ukisema "napenda sayansi", hana la kuandika. Ukisema pampu uliyounda ilivuja kwenye kiungio mara tatu, na ukaeleza ulivyoiziba, umempa aya nzima. Majibu ya kukariri yanajulikana mara moja, kwa sababu swali dogo la nyongeza huyavunja.

Andaa maswali mawili matatu ambayo tovuti ya chuo haiyajibu: alisomaje mwaka wa kwanza, nini kilimshinda. Usimuulize kama utachaguliwa, hajui. Mzazi asikae pembeni, hata kwa nia njema, kwani mtoto huanza kumjibu mzazi.

Usaili huu haulipiwi. Anayejiita mhitimu akitaja pesa, kata mazungumzo, uiandikie ofisi ya udahili kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo chenyewe.