Trombosi ni donge, na neno lenyewe lilitumika hata kwa maziwa

Juzi mama mmoja wa Matondoni kaja hapa maabara, Lamu, mguu mmoja umevimba kwenye shavu, mkononi ana karatasi imeandikwa trombosi. Akaniuliza, "Mwanangu, hili ndo gonjwa gani?" Nikamwambia, mama, hilo ni donge. Thrombos ni neno la Kigiriki, maana yake donge, la damu au la maziwa, basi.

Na si hilo tu. Koagulesheni, yaani kuganda, imetoka Kilatini, coagulum, ile dawa ya tumboni mwa ndama ya kugandishia maziwa yawe jibini. Hata seramu zamani ilikuwa ni yale maji ya maziwa. Mi nayaona kila siku haya, damu nikiitia kwenye chupa ya glasi isiyo na dawa ya kuizuia isigande, dakika 5 mpaka 10 ishashika, ukiinamisha haimwagiki, halafu ukiiacha kama saa nzima donge linajikunja na maji ya manjano, ndo hiyo seramu, yanatoka pembeni, vilevile kama maziwa kwenye kibuyu. Kinachoshika ni nyuzi za faibrini, zinajisuka wavu, chembe nyekundu zinanasa humo.

Ndo maana wanaosema Kiswahili hakina maneno ya sayansi wananiuma sana. Maziwa huganda, damu huganda, neno moja, tena wala hatukuwaiga Walatini.

Ila tusichanganye. Damu kuganda kwenye kidonda ndo kunakuokoa, trombosi ni donge limejifanya ndani ya mshipa wakati damu bado yatakiwa ipite. Kwa hiyo mi nikimweleza mgonjwa nasema "donge ndani ya mshipa", sisemi damu imeganda nikanyamaza, maana atadhani ni yote. Sababu zake ni zile tatu zinazoitwa kwa jina la Mjerumani Rudolf Virchow, daktari wa karne ya 19: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Yule mama alikuwa amelala wiki kadhaa baada ya kupasuliwa nyonga.

Kisha akaniambia mjukuu wake humkanda huo mguu kila usiku kwa mafuta ya nazi. Moyo ulinipasuka. Mama, nikamwambia, mwambie aache leo leo, donge likimeguka kipande huenda mpaka mapafuni, na mguu wa hivyo haukandwi. Nikamshika mkono nikamrudisha mwenyewe kwa daktari.